Upande wa Kufunulia Sufuria

Nina kovu dogo kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, refu kama punje tatu za mchele zilizopangwa mstari mmoja. Nililipata Tanga nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye harusi ya binamu yangu. Sikuunguzwa na kaa wala na mafuta ya sambusa. Nilibabuliwa na mvuke wa wali.

Miaka ile shangazi yangu ndiye aliyekuwa akiitwa kila penye shughuli mtaani kwetu. Hakuwa na mizani wala saa ya jikoni. Maji ya wali aliyapima kwa kidole, tui alilijua kwa rangi, na chumvi aliiweka huku akizungumza na mtu mwingine kabisa. Wali ukikaribia kukauka aliyachota makaa chini ya sufuria, akabakisha machache, akaweka bati juu ya mfuniko, kisha akapalia. Hapo ndipo alipokaa. Alivuta kigoda, akaikunjua miguu, na mtu yeyote aliyesogea karibu alitazamwa mpaka akarudi alikotoka. Moto wa chini ulikuwa umekwisha kazi yake. Kilichobaki kilikuwa kimefungiwa ndani, kinazunguka baina ya punje, nacho hakikutaka kusumbuliwa.

Mimi niliutaka ukoko. Nilingoja aende kuonja mchuzi, nikalisukuma bati kwa mwiko, nikainua mfuniko kwa upande wangu. Sikuona kitu chochote kikitoka. Nakumbuka vizuri kwamba sikuona kitu. Nilihisi tu mkono umeshikwa na kubanwa, halafu ndipo wingu jeupe likanipanda usoni.

Shangazi hakunigombeza. Aliutumbukiza mkono wangu kwenye ndoo ya maji, akaushikilia humo muda mrefu kuliko nilivyopenda, na alipoona nimeacha kulia akasema, "Mwanangu, maji ya moto yanakuunguza mara moja. Mvuke unakuunguza mara mbili: unapokugusa, na unapogeuka maji." Kisha akanionyesha, kwa mkono wake mwenyewe, namna ya kufunua: unauinua mfuniko kwa ukingo wa mbali, nao wenyewe unakuwa ngao kati yako na sufuria. Kwa kule, si kwa huku.

Nilifika kidato cha tatu ndipo nikaelezwa maneno yake kwa tarakimu. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba gramu moja ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji ya nyuzi zile zile 100 huachia juli 2,257. Hakutaja wali, hakutaja mkono wa mtu. Aliandika, akapigia mstari, akaendelea. Mimi nilirudi nyumbani na daftari nikaipiga hesabu ya kovu langu. Gramu moja ya maji yanayochemka ikinidondokea, nayo ikapoa mpaka joto la mwili, yaani nyuzi 37, itanipa juli 263. Gramu moja ya mvuke itanipa kwanza zile 2,257 papo hapo kwa kugeuka maji tu, na ikishakuwa maji itanipa na hizo 263 vilevile. Karibu mara kumi. Mara ya kwanza na mara ya pili, kama alivyosema mpishi.

Na lile wingu jeupe, kwa kweli, si mvuke. Mvuke halisi hauonekani. Ukitazama mdomo wa birika linalochemka utaona, kati ya mdomo na wingu, nafasi ndogo iliyo wazi kabisa, kana kwamba hakuna kitu. Humo ndimo ulimo. Weupe unaanza pale mvuke unapokutana na hewa ya baridi ukawa matone madogo mno, yaani umekwisha kuwa maji, umekwisha kutoa sehemu kubwa ya ulichokuwa nacho. Watoto huogopa wingu na kupeleka kidole kwenye nafasi iliyo wazi.

Joto hilo ambalo mvuke huliachia unapogeuka maji, vitabu vyetu vya fizikia vinaliita joto fiche. Ni jina zuri kwa sikio, nami nimelitumia miaka mingi bila kulitilia shaka. Siku hizi nalitilia. Limefichika kwa nani?

Chukua kilo moja ya barafu ya nyuzi sifuri, uitie kwenye sufuria, uiweke juu ya moto usiobadilika, na tujifanye kwamba hakuna joto linalopotea pembeni. Chomeka kipimajoto. Kama barafu itachukua dakika 8 kuyeyuka, basi maji yake yatachukua dakika 10 kutoka sifuri mpaka kuchemka, na dakika 54 nyingine kukauka yote. Jumla dakika 72. Sasa kitazame kipimajoto. Dakika 8 za mwanzo kimesimama kwenye sifuri, hakitikisiki. Kinapanda kwa dakika 10. Kisha kinasimama kwenye 100 na kukaa hapo dakika 54, moto ukiwaka chini yake vilevile. Chombo tulichokitengeneza ili kitupe habari za joto kimekuwa na habari kwa dakika 10 kati ya 72. Muda wote uliobaki joto lilikuwa likiingia, likifanya kazi ngumu kuliko zote, ya kuzitenganisha molekuli zilizokuwa zimeshikana, nalo halikuandikwa popote.

Aliyekuwa wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa vipimo makini alikuwa Joseph Black, Mskoti aliyezaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1728, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo, akaja kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Watu wa wakati wake waliamini kwamba barafu ikishafika kwenye kiwango cha kuyeyuka inahitaji joto kidogo tu la nyongeza, mara imekuwa maji yote. Black aliishi kwenye nchi ya theluji, na alikuwa na macho. Aliwaza hivi: ingekuwa ni hivyo, basi siku ya kwanza ya joto baada ya majira ya baridi theluji yote ya milimani ingegeuka maji kwa mkupuo, na mafuriko yangefagia mabonde na kila kilichomo. Haikuwa hivyo. Theluji ilikawia wiki nyingi, ikitiririka kidogo kidogo, hata jua likiwa linawaka.

Basi akachukua chupa mbili za kioo zinazofanana, akatia maji ya uzito ulio sawa. Ya kwanza aliigandisha. Ya pili aliipoza mpaka karibu kabisa na kuganda, bila kuganda. Akazitundika kwenye ukumbi mkubwa, wenye baridi ya nyuzi 8 hivi kwa kipimo chetu cha leo, akakaa kungoja. Maji yalipanda nyuzi nne kwa nusu saa. Barafu, ili iyeyuke na maji yake yafike kiwango kile kile, ilichukua saa kumi na nusu. Mara 21. Chupa zote mbili zilikuwa zikipokea joto kutoka kwenye hewa ile ile ya ukumbi ule ule; la moja lilionekana kwenye kipimajoto, la pili halikuonekana. Kutokana na tofauti hiyo Black alipata tarakimu ambayo haiko mbali na tunayoitumia leo, yaani kilojuli 334 kwa kila kilo ya barafu. Ninachokipenda katika jaribio hili ni umaskini wake: chupa mbili, kamba, chumba, na mtu aliyekubali kukaa siku nzima akingoja.

Habari hizo alizisoma mbele ya klabu ya wasomi wa Glasgow mwaka 1762, akaendelea kuzifundisha darasani, lakini hakuzichapisha. Alifariki mwaka 1799. Mihadhara yake ilitolewa kitabuni mwaka 1803 na rafiki yake John Robison. Kwa miaka arobaini joto fiche lilisafiri kwenye madaftari ya wanafunzi.

Chuoni hapo alikuwapo fundi wa vyombo aliyeitwa James Watt. Kwenye mwaka 1763 alipewa kielelezo kidogo cha injini ya mvuke ya Newcomen akitengeneze, akashangaa kuona jinsi kilivyokunywa mvuke bila kushiba. Alipopima, aliona kwamba mvuke kidogo ukiingizwa kwenye maji baridi unaweza kuchemsha maji yenye uzito mara sita ya uzito wake wenyewe. Alikwenda kumuuliza Black, naye Black akamweleza alichokuwa akikifundisha. Mwaka 1765 Watt alipata wazo la kuupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni, ili silinda yenyewe isipozwe na kupashwa upya kila pigo. Mwaka 1769 akapata hataza. Dunia ya viwanda ina deni kwenye ile hesabu.

Kichekesho ni kwamba garimoshi, mtoto maarufu kuliko wote wa injini hizo, liliutupa mvuke wake hewani. Halikubeba chombo cha kuupoza, kwa hiyo kila pumzi ilitoka kwenye bomba la juu pamoja na moshi, na joto lake lote fiche likaenda kwa ndege. Ndiyo maana reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ilihitaji mahali pa kujaza maji njiani. Injini ilikuwa na kiu kuliko njaa. Na sisi tuliliita garimoshi kwa sababu ya kile tulichokiona, wakati kilicholisukuma ni kile ambacho hakionekani.

Black alikuwa na theluji. Sisi wa pwani tuna mafuta ya nazi. Mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kimeingia, chupa ya mafuta ya nazi iliyokuwa maji safi usiku huamka imeganda, nyeupe kama nta, na mama mwenye mtoto wa kupaka kabla ya shule huigongagonga chini ya kitako bila mafanikio. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Tanga hushuka chini ya hapo. Nyumbani kwetu chupa iliwekwa dirishani juani. Iliyeyuka kuanzia pembeni, na katikati palibaki donge lililoelea kwa muda mrefu, mpaka ukajiuliza jua lote lile linakwenda wapi. Hatukuwa na haja ya kwenda Glasgow.

Barafu yenyewe tuliijua sokoni. Kulikuwa na kaka mmoja aliyeuza barafu kwa wachuuzi wa samaki. Aliyapokea mabonge marefu kutoka kwenye mtambo, akayalaza juu ya maranda ya mbao, akayafunika kwa magunia, na kila mteja alikatiwa chake kwa msumeno. Vipande vya msumeno vilivyoruka tulivigombania sisi watoto. Siku moja mama mmoja mchuuzi wa changu alifika, akalifunua gunia, akaona maji yanatiririka.

"Kaka, mbona barafu yako inayeyuka?"

"Isipoyeyuka, dada, samaki wako ataoza."

Watu walicheka, nami nilicheka, nikidhani ni ujanja wa muuzaji. Haukuwa ujanja. Kilo ya barafu ikiyeyuka kwenye deli la samaki inanyonya kilojuli 334 na wakati wote huo inabaki nyuzi sifuri. Kilo ya maji ya sifuri, ikitumika kupoza samaki wale wale mpaka yenyewe ifike nyuzi 10, inanyonya 42 tu. Barafu ngumu kavu iliyokaa pembeni bila kutoa tone haijamsaidia samaki yeyote. Inayofanya kazi ni ile inayokwisha.

Na kutoka kwenye soko hilo njia ni fupi mpaka kwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, kisha wanawahi nafasi kwenye friji. Nafasi zilikuwa chache. Siku moja mwenzake aliwahi kwa kutia maziwa bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu alirudi akakuta yake yameganda na ya mwenzake bado uji mzito. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Sehemu ya kisa hiki inayosimuliwa mara chache ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Baadaye Mpemba alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, akaambiwa kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Akagundua kuwa wauzaji wa aiskrimu mjini Tanga walifanya hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kosa la mwanafunzi darasani kilikuwa desturi ya kazi huko chini pwani.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, alilirudia swali na kuchekwa. Kosa lolote alilofanya darasani lilibandikwa jina la Mpemba. Hakuacha. Siku Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, alipoitembelea shule, Mpemba alisimama mbele ya wote akamwuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kipimo kimoja, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake waliona aibu. Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja makala katika jarida la Physics Education, na jina la kijana wa Magamba likaingia kwenye msamiati wa fizikia duniani.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kuaminika. Wengine wanasema wameuona. Maelezo ni mengi: mzunguko wa maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka, maji yanayopoa chini ya sifuri bila kuganda. Moja ya maelezo ya mwanzo linatoka jikoni kwa shangazi yangu: chombo cha moto kinafuka, na kila gramu ya mvuke inayoondoka inachukua fungu lake la juli na kupunguza maji yaliyobaki ya kugandishwa. Osborne aliliangalia hilo akaona halitoshi kueleza yote. Mimi si mtu wa kuamua ugomvi huu. Ninaloliona ni kwamba friji ina kazi kubwa zaidi baada ya kufika sifuri kuliko watu wanavyodhani. Kupoza kilo ya maji kutoka nyuzi 35 mpaka sifuri ni kilojuli 146. Kuyagandisha yakiwa pale pale kwenye sifuri ni 334. Mtu anayekadiria muda wa kuganda kwa kutazama nyuzi za kuanzia tu ameacha sehemu kubwa ya safari. Mwalimu aliyemjibu Mpemba alitazama nyuzi. Mpemba alikuwa ametazama aiskrimu.

(Hapo Magamba, kwa urefu ule wa milima, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 96. Maziwa ya wavulana wale hayakuwahi kuiona 100 hata siku moja. Wapishi wa Lushoto wanalijua hilo kwa njia ya maharage.)

Kuna watu wengine waliolijua joto hili zamani, ingawa hawatajwi kwenye vitabu vya shule kwa sababu kazi yao ni haramu kisheria. Mkeneka gongo hupitisha bomba lake kwenye pipa la maji baridi, na kazi inayomchosha kuliko kuchochea moto ni kubadilisha maji ya pipa. Yanapata moto upesi ajabu. Kinachodondoka upande wa pili ni kidogo, lakini pipa zima limekuwa vuguvugu. Black naye alitumia mtambo wa kukeneka kupima joto la mvuke. Alihesabu maji ya pipa yalipata moto kiasi gani.

Nyuma ya mlango wa sebule yetu palikuwa na mtungi. Udongo wake ulipitisha maji taratibu, ngozi yake ya nje ikawa na unyevu daima, na kila tone lililokauka pale lilichukua joto kutoka kwenye maji yaliyobaki. Mjomba wangu aliyehamishiwa Dodoma kikazi alirudi likizo akisema maji ya mtungi wa huko yanauma meno. Tulimwita mwongo. Lakini hewa ya Dodoma ni kavu, inapokea mvuke kwa pupa. Hewa ya Tanga imeshiba bahari, haina nafasi. Mtungi ule ule, mfinyanzi yule yule, baridi tofauti.

Na mwili ni mtungi. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita saba za maji ya bombani. Ndiyo maana muuguzi akikupaka spiriti kabla ya sindano unasikia ubaridi pale pale, ingawa chupa yake imeshinda mezani kwenye joto lile lile la chumba ulichomo: spiriti inakimbia, na haikimbii mikono mitupu. Sharti ni kukimbia. Mwezi wa tatu, kaskazi imelala na masika bado hayajapiga hodi, pwani huingia fukuto. Kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 31 au 32, tarakimu ya kawaida, na mtu wa bara akakushangaa unavyolalamika. Lakini jasho halikauki. Linatiririka mgongoni, linaingia machoni, linadondoka sakafuni, na jasho lililodondoka limeondoka bila kubeba chochote cha maana. Panga boi la dari halipozi hewa hata kidogo. Linachofanya ni kuisukuma hewa iliyoshiba iliyokuzunguka ili nyingine, yenye nafasi kidogo, ije ichukue zamu. Wakati huo huo bahari nayo inafuka mchana kutwa, na inalipia kila gramu.

Kinachochukuliwa baharini kinarudishwa angani. Mvuke unapopanda na kugeuka matone, joto lake linaachiwa ndani ya wingu, hewa inapata moto, inapanda zaidi, inavuta nyingine chini yake. Mvua ya milimita 50, mvua ya masika ya siku moja ambayo haimshangazi mtu wa Pemba, imeachia huko juu, kwa kila mita moja ya mraba ya uwanja wako, joto linalokaribia la kilo nne za makaa. Zidisha kwa kisiwa. Vimbunga vinakula chakula hicho hicho. Tarehe 15 Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja kikaing'oa mikarafuu na minazi shamba baada ya shamba, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kitovu cha karafuu. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Bahari haikuwa imechemka hata mara moja. Ilikuwa na joto la kuogea.

Basi narudi kwenye lile jina. Joto fiche limefichika kwa kipimajoto, na kwa mtu anayekitazama kipimajoto peke yake. Halikumfichikia muuza barafu, wala mkeneka gongo, wala wale wauzaji wa aiskrimu wa Tanga ambao hakuna aliyeandika majina yao. Halikumfichikia mwanamke aliyekaa kwenye kigoda akiulinda wali usiofunuliwa kabla ya wakati wake. Sitashauri kamati yoyote ibadilishe istilahi. Limeshaenea, na wanafunzi wana mitihani. Ila ningependa mwalimu anayeiandika ile 2,257 ubaoni asimame kidogo kabla ya kupiga mstari, awaulize wanafunzi ni nani kati yao ana kovu.

Shangazi alifariki miaka mingi iliyopita. Masufuria yake ya shughuli yaligawanywa, nami nilipata moja, zito, lenye mpini mmoja uliolegea. Kulipikia wali ni kazi, maana linahitaji watu wa kula. Likipikiwa na ukakuta wenyeji wametoka, usisubiri: funua mwenyewe, ila ushike ukingo wa mbali, uinue kwa kule.